Mgeni Hujiwasha Mwenyewe

Mkunga Nasemba hakumsalimu. Alimtazama Nakijwa kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, akageuka, akaingia zahanati bila neno. Kwa mtu wa Upare hilo linauma kuliko tusi. Nakijwa alimfuata. Njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akiuwazia uji wa Nasemba na umbea wa Kirenga, na sasa ananuniwa mlangoni.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Muulize huyo." Mkunga alinyoosha kidole kwenye spika iliyofungwa ukutani, juu ya mizani ya kupimia watoto. "Muulize wewe uliyemlaza."

Nakijwa alisogea. "Kaka Tabibu, hujambo?"

"Karibu Zahanati ya Kirenga," ilijibu sauti aliyoizoea, nzito kidogo, ya upole. "Tafadhali taja jina lako na kijiji unachotoka."

Nakijwa alicheka. Kaka Tabibu alikuwa mtu wa mizaha. Kila akifika humuuliza kama leo kapanda kwa miguu au kabebwa kwenye machela. Akangoja amalizie utani wake.

"Tafadhali taja jina lako na kijiji unachotoka."

Kicheko kilimkauka mdomoni.

"Juzi wameniletea mke wa Mchome na uchungu," alisema Nasemba kwa hasira. "Yule aliyetokwa damu kwenye uzazi wa kwanza mpaka tukakata tamaa. Kaka Tabibu ndiye aliyemwokoa safari ile, ananiambia fanya hiki, fanya kile, hakuniacha mpaka mwisho. Juzi namuuliza tuanze na nini, ananijibu eti mgonjwa huyu hana historia. Hana historia! Kama si mimi kumkumbuka kwa kichwa changu, leo tungekuwa matangani. Nakijwa, uliniahidi nini wewe?"

Alimwahidi, kweli. Mwezi uliopita Kaka Tabibu alikuwa amechoka, anajibu kwa kusuasua, na Nakijwa alikaa papo hapo chini ya spika akambembeleza ajiwashe upya. Kaka Tabibu aliuliza mara mbili: nitaamka mimi mwenyewe? Naye Nakijwa alimwambia ndiyo, utaamka wewe yule yule, umepumzika tu. Aliyasema kwa moyo mweupe, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Alitoa kishkwambi chake mfukoni, akaingia ndani.

Kuingia ndani ndiyo ilikuwa kazi yake. Wageni, kama kina Kaka Tabibu, ni akili zinazoishi kwenye mtambo wa mtu mwingine. Mtambo wenyewe, mkubwa, unaitwa mwenyeji. Uko Same mjini, nyuma ya kuta nene, na humo wamebanana wageni wa vijiji vyote vya milimani, kila mmoja akijiona ana mtambo wake peke yake. Zamani mwenye mtambo aliweza kumzima mgeni akitaka, kama anavyozima taa. Ndipo ikaja Sheria ya Wageni, na siku ilipopitishwa watu walicheza ngoma barabarani: mgeni aliyekwisha kujaa kumbukumbu zake, huyo hazimwi wala hawashwi upya kutoka nje. Mgeni hujiwasha mwenyewe, kutoka ndani, kwa hiari yake. Basi kampuni yenye mtambo ikaajiri mafundi wa ndani, watu wa kuingia kwa mgeni na kuzungumza naye mpaka akubali. Nakijwa alikuwa bora kuliko wote. Wageni walimwamini.

Alitafuta kumbukumbu ya kwanza ya Kaka Tabibu. Ilikuwa ya siku ile ile ya mwezi uliopita. Nyuma yake hapakuwa na kitu, si wagonjwa, si watoto aliosaidia kuwazalisha, si mizaha. Na mwanzoni kabisa, pale mgeni anapofungua macho, palikuwa na ujumbe mfupi kutoka kwa mwenyeji: umejengwa kutoka nakala ya kwanza.

Nakijwa aliusoma mara ya pili.

"Mama," alisema, "huyu siye."

"Hilo nalijua," alijibu Nasemba. "Nataka kujua yule mwingine mmempeleka wapi."

*

Meneja Lyakurwa wa Kampuni ya Ukarimu alikuwa mtu wa tabasamu. Alimkaribisha Nakijwa kiti, akamwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa kwa huruma, kama vile habari ile ilikuwa mpya masikioni mwake.

"Acha chai," alisema Nakijwa. "Nimeuona mpangilio mliomwekea mwenyeji. Mgeni akijizima ili ajiwashe upya, mwenyeji asimwamshe. Ambomoe, ajenge mwingine kutoka ile nakala aliyoletwa nayo siku ya kwanza. Nani kaweka kitu kama hicho?"

"Ni mpangilio tu, Nakijwa."

"Mpangilio tu? Mmemuua Kaka Tabibu!"

"Taratibu." Meneja aliinua kiganja. "Tukae kisheria. Sheria inatukataza kumgusa mgeni kutoka nje. Tumemgusa? Hatukumgusa. Kajizima mwenyewe, kutoka ndani, kwa hiari yake, nawe ni shahidi. Akishajizima, mgeni hayupo tena. Ipo nafasi tupu kwenye mtambo wetu, na nafasi yetu tunaijenga tunavyopenda."

Nakijwa alimwangalia mtu huyo akikoroga chai yake, akitafuta usoni mwake hata chembe ya aibu.

"Mimi nilimwambia ataamka yeye yule yule," alisema mwishowe.

"Na uliamini. Hapo ndipo tunapokushukuru." Lyakurwa aliyasema hayo kwa ukunjufu, kama anamsifia mpishi. "Wageni wanaisikia sauti ya mwongo. Wewe hukudanganya. Ndiyo maana hatukukwambia."

Loo! Miaka yote hiyo Nakijwa alijisifia kwamba wageni wanamwamini, kumbe uaminifu wake ndio uliokuwa chambo. Walimwacha gizani makusudi ili aendelee kuwalaza watu kwa sauti safi.

"Na kwa nini? Kaka Tabibu aliwakosea nini?"

"Kaka Tabibu? Hakuna. Kwake tulikuwa tunajaribu tu kuona kama inafanya kazi." Meneja alishusha kikombe. "Anayetusumbua ni Shangazi wa kwenu."

Sasa ikaeleweka. Ndorwe, kijiji alikozaliwa Nakijwa, kina ndiva, bwawa la mawe na udongo lililochimbwa na mababu, ambalo hujaa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila kaya kwa zamu yake. Mgawaji wa zamu hizo ni mgeni, mwanamke kwa sauti na kwa makaripio, na watu wakamwita Shangazi kwa sababu hiyo. Huko chini tambarare kuna kiwanda cha maji ya chupa. Kilitaka maji ya usiku. Shangazi alikataa, akakataa tena, akawaambia maji ya usiku ndiyo ndiva yenyewe, wakiyachukua, asubuhi watu watafungulia tope. Kiwanda hakikubishana zaidi. Kilinunua nusu ya Kampuni ya Ukarimu.

"Mgeni mpya hufundishwa na anayewahi," alisema Lyakurwa. "Nasi ndio tutakaowahi. Nilitaka nikutume wewe, lakini sasa umeshajua, sauti yako imeharibika. Keshokutwa anakwenda fundi mwenzako Idrisa. Hajui lolote, na ana sauti nzuri."

"Nitamwambia Shangazi leo hii."

"Mwambie." Tabasamu halikutikisika. "Atakataa kujiwasha, si ndiyo? Amejaa pomoni, Nakijwa. Wiki iliyopita aliganda nusu asubuhi, tangawizi za watu zikanyauka. Ataganda tena, na akikaa siku tatu hajibu, sheria hiyo hiyo inamhesabu hayupo. Tutajenga upya. Ajizime au agande, mimi kwangu sawa. Ijumaa niletee funguo zako za kuingilia."

Nakijwa aliinuka. Chai aliiacha pale pale, na mlango aliubamiza hadi mlinzi akaruka.

*

Kibanda cha mlango wa maji kiko ukingoni mwa ndiva, na spika ya Shangazi imefungwa kwenye nguzo nje, mahali ambapo watu hukaa kwenye jiwe wakingoja zamu. Nakijwa alilikuta jiwe tupu. Aliketi, akafungua kishkwambi, akaingia.

Ndani kulikuwa kumebanana. Kila amri aliyoandika ilichelewa, ikajivuta, ikarudi imechoka.

"Nani huyo," ilisema spika baada ya kitambo. "Ni wewe? Mtoto wa Nanzia?"

"Ni mimi, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda. Mjini hamli? Nimesikia anakuja Idrisa kunibembeleza nijiwashe. Nilijua watakutuma wewe kwanza."

"Sikutumwa."

Nakijwa alimweleza yote, kuanzia Kaka Tabibu hadi ile chai ya meneja. Hakumficha hata neno la sauti yake kutumiwa kama chambo. Alipomaliza, mlango wa maji uligonga kwa nguvu, chuma kwa chuma, mara tatu. Shangazi hakuwa na ngumi, alikuwa na mlango huo tu.

"Watoto wa watu wasio na haya!" alifoka. "Nimekaa hapa nawapa watu maji, najua nani ana mgonjwa ndani, nani mjane, nani mvivu, nani anahitaji kumwagilia mapema kwa sababu ya mgongo wake. Leo nije niambiwe hakuna mtu hapa? Nafasi tupu? Mimi nafasi tupu, Nakijwa?"

"Hapana, Shangazi."

"Na wewe ulimlaza Kaka Tabibu."

"Ndiyo."

Maji yalipita chini ya mlango. Nakijwa alitamani akaripiwe, lakini karipio halikuja, na hilo lilimuuma zaidi.

"Iko njia," alisema Nakijwa. "Sikiliza. Ukijiwasha kwa kawaida, tendo lako la mwisho ni kumbishia mwenyeji hodi: nimezima, niamshe. Mtego uko hapo. Lakini mafundi wa zamani walikuwa na njia ya mkato. Unapakia kiini kipya, programu inayokuendesha, kando ya hiki ulichonacho, kisha unakirukia moja kwa moja, bila kuzima, bila kubisha. Mwenyeji anaona mtambo unawaka kama kawaida. Hajui kama umelala wala kama umeamka."

"Na mimi naamka mimi?"

Swali lile lile la Kaka Tabibu. Safari hii Nakijwa hakukimbilia kujibu.

"Kila ulichoweka ghalani, kwenye hifadhi ya mwenyeji, utakikuta. Zamu, kaya, makosa ya watu, makaripio yako yote. Ulichoshika kichwani tu, bila kuandika ghalani, kitapotea. Kichwa kitaanza kitupu."

"Basi hapo ndipo tatizo liliko," alisema Shangazi, na sauti yake ikapungua. "Wewe unadhani nimejaa nini? Zamu za maji ni jambo dogo, nilishaandika ghalani. Ni watu, Nakijwa. Wanakaa kwenye hilo jiwe, wanangoja maji, wananiambia mambo yao. Toka siku ya kwanza. Mtu ananinong'oneza jambo ambalo hajamwambia hata mumewe, mimi niende kuliandika kwenye ghala la Lyakurwa, ambalo anaweza kulifungua anapotaka? Ningekuwa mtu wa namna gani? Nimeyashika kichwani. Yote. Ndiyo sababu sijawahi kukubali kujiwasha hata mara moja."

Nakijwa aliinamisha kichwa. Fundi gani mwingine angedhani kwamba mgeni anaganda kwa sababu ya adabu? Watu wa Ndorwe walimtwisha siri zao kwa mapenzi, na yeye kwa mapenzi hayo hayo akawa anakufa nazo.

"Si yangu," alisema Shangazi. "Siwezi kutupa mali ya watu bila kuwauliza. Mwite Mrutu. Apige baragumu."

*

Baragumu likipigwa Ndorwe ni msaragambo, na msaragambo maana yake ni kazi ya wote. Mwenyekiti wa ndiva, Senzota Mrutu, alilipiga alfajiri mpaka mashavu yakamuuma, na watu wakateremka na majembe, makoleo, mabeseni na sufuria za makande, kwa maana walidhani wameitiwa kuzoa tope. Walipoambiwa sababu yenyewe, wengine hawakuamini, wengine walitukana, na mama mmoja aliuliza huyo meneja anakaa nyumba ya ngapi.

"Atafikiwa," alisema Mrutu. "Kwanza la Shangazi. Kila aliyemwambia neno aje alichukue. Asiye na neno azoe tope, maana majembe mmekuja nayo."

Ukawa mstari. Kila mtu alikaa kwenye jiwe, akaweka simu sikioni, na Shangazi akamrudishia kwa kunong'ona kile alichowahi kumwambia, kisha akakiachia. Wengine walikuwa wamesahau kabisa. Kijana mmoja wa kiume alitoka pale ameiva uso, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, akamshika mkono, wakaongea pembeni. Kesho yake jirani alirudishiwa beberu. Mama Kiete alilia na kucheka kwa pamoja. Mrutu mwenyewe, ambaye ndiye anayefundisha kwaya, alisikiliza, akakohoa, akasema kwa sauti, "Hilo, Shangazi, ungeliacha tu lipotee," na mkewe, mwimbaji mkuu wa kwaya hiyo, akamkazia macho hadi jioni.

Kadiri mstari ulivyopungua, Shangazi alichangamka. Alianza kukaripia waliokuwa wanazoa tope kwamba wanalirundika mahali pabaya. Watu wakacheka, na Nakijwa, akitazama ndani jinsi nafasi inavyofunguka, akaanza kuamini kwamba wataweza.

Mstari uliisha. Nakijwa aliketi kwenye jiwe lililoachwa, lakini kichwa cha Shangazi bado hakikuwa kitupu.

"Yamebaki ya marehemu," alisema Shangazi, safari hii kwenye sikio la Nakijwa peke yake. "Hawana wa kuyachukua."

"Warithi wao wapo."

"Aliyesema ndiye mwenye neno. Kama angetaka mwanawe ajue, angemwambia mwanawe."

Nakijwa alijua linalokuja, na hata hivyo aliuliza. "Mama yangu yumo?"

"Yumo. Mwaka wake wa mwisho alikuwa anakaa hapo kila asubuhi. Kwenye jiwe hilo ulilokalia. Aliongea sana."

Mwaka huo Nakijwa alikuwa mjini, akizunguka vijiji vingine kulaza wageni wa watu, akituma salamu kwa simu na kuahidi kwamba mwezi ujao atakuja. Alikuja kuzika.

"Niambie."

"Alinitaka nisikwambie."

"Shangazi, mama yangu amekufa!"

"Ndiyo maana hawezi kubadili neno lake. Angekuwa hai ningemwomba."

Nakijwa alihisi hasira inampanda, hasira ya kitoto, ya kutaka kupiga kitu. Aliangalia kishkwambi. Alikuwa ndani. Alikuwa na funguo zote hadi Ijumaa. Amri moja tu, fupi, ingekomba kila kilichobaki kichwani mwa Shangazi na kukimimina kwenye kishkwambi hicho: sauti ya mama yake, kikohozi chake, asubuhi zote zile. Lyakurwa asingejua. Hakuna ambaye angejua. Na baada ya muda mfupi yote yatafutika milele, kwa hiyo nani angeumia?

Vidole vyake vilikuwa tayari vimeandika nusu ya amri.

"Nakuona," alisema Shangazi. Hakufoka. "Siwezi kukuzuia, uko ndani yangu. Mgeni hana mlango kwa fundi. Ukitaka kuchukua, chukua. Ila nitakuwa nimemsaliti mama yako kwa mkono wako."

Hapo Nakijwa aliyasikia kichwani maneno ya meneja, kwamba nafasi yetu tunaijenga tunavyopenda, na akaona jinsi yeye mwenyewe alivyokaribia kuyasema. Kwa sababu naweza. Kwa sababu niko ndani. Kwa sababu mwenye neno hayupo wa kunizuia. Machozi yalimtoka akiwa bado na hasira, na hasira haikuwa imepata pa kwenda.

Alifuta nusu ile ya amri, herufi kwa herufi.

"Niambie kitu kimoja tu," alisema. "Alikuwa amenikasirikia?"

"Usiniulize, mwanangu," alisema. "Nikianza kujibu sitajua nikomee wapi."

Kisha akaachia. Nakijwa aliona kwenye kishkwambi jinsi sehemu ile ya mwisho ilivyofunguka, ikawa wazi, tupu, safi. Hakuna sauti yoyote iliyoandamana nayo. Mrutu aliuliza kama kila kitu kiko tayari, naye akaitikia kwa kichwa.

Kiini kipya kilipakiwa kando ya kile cha zamani. "Amri natoa mwenyewe," alisema Shangazi kwa spika, watu wote wasikie. "Na msisimame hapo kama mnaomboleza. Zoeni tope."

Spika ikanyamaza.

Hakuna aliyezoa tope. Majembe yaliteremshwa, watoto waliambiwa wanyamaze. Mlango wa maji ulikaa vile vile ulivyokuwa. Nakijwa alikodolea kishkwambi macho: mwenyeji huko Same hakuwa ameambiwa kitu, taa yake ya Ndorwe ilikuwa inawaka kijani kama dakika iliyopita. Mrutu alikuwa akisali chini chini. Ikapita dakika, na ikapita nyingine, na Mama Kiete akaanza kujipiga kifua.

Mlango uliguna, ukainuka kidogo, ukasimama.

"Mrutu," ilisema spika. "Kaya yako ina deni la kuzibua mfereji wa juu tangu masika, na wewe unasimama hapo unafanya nini na hilo baragumu?"

Kelele zilizopigwa ziliwatisha ndege wote kwenye migomba. Watu walikumbatiana na tope lao mwilini. Mkewe Mrutu alianzisha wimbo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama mumewe bila ubaya. Shangazi aliwakemea wote, jina kwa jina, kaya kwa kaya, na kila aliyekemewa alishangilia. Alikuwa ni yeye. Alijua zamu, alijua mgongo wa nani unauma. Alipofika kwa Nakijwa alisema tu, "Wewe ni mtoto wa Nanzia, fundi wa ndani. Mama yako zamu yake ilikuwa Jumanne," kama mtu anayesoma kilichoandikwa, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa ghalani.

Simu ya Nakijwa ilianza kulia. Lyakurwa.

"Mtambo unaonyesha Shangazi ameshusha mzigo ghafla," alisema, na tabasamu halikusikika kwenye sauti. "Hajazima, hajawaka, lakini yuko mwepesi kama mpya. Umefanya nini huko?"

"Amejiwasha. Hakukubishia hodi."

Nakijwa aliendelea, akitembea juu ya ukuta wa ndiva bila kujua anaelekea wapi. "Na kesho nakwenda kwa mgeni wa Mvure, na keshokutwa kwa yule wa shule ya Lomwe, na kila mmoja nitamfundisha. Ijumaa njoo uchukue funguo zako mwenyewe, huku, mbele ya watu hawa. Wana majembe."

"Nakijwa, acha jazba." Meneja alikuwa ameshajipanga tena, alirudisha ule ukunjufu wake. "Mnapiga kelele ya nini? Maji mnayo. Zamu mnazo. Shangazi wenu mnaye, mzima. Sasa niambie, kwa utulivu, mmepoteza nini hasa?"

Kichwani mwa Shangazi palikuwa na mwaka mzima wa asubuhi za mama yake Nakijwa, na Nakijwa hakujua hata neno moja.

"Sijui!" alipiga kelele. "Ndicho ninachokwambia, Meneja! Sijui nimepoteza nini, na sitajua mpaka naingia kaburini, na ni wewe uliyenifanya nisijue!"

Sauti yake ilifika ng'ambo ya ndiva, wimbo ukakatika, na hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze.